Bamba la kushindilia kwenye beko: nichague lipi, nilifunge wapi, nilitumieje?

Swali: *Nina beko (trekta lenye mkono wa kuchimbia nyuma) ninayochimbia mitaro ya mabomba ya maji, mingi ina kina cha mita moja hadi moja na nusu. Wakati wa kufukia huwa narudisha udongo wote kwa pamoja, kisha napigapiga kwa mgongo wa ndoo na kupitisha tairi juu. Mitaro miwili imetitia baada ya mvua na mteja anataka nirudie kazi. Nimeonyeshwa bamba la kushindilia, yaani sahani ya chuma inayotetemeka na kukaza udongo, linalofungwa kwenye mkono wa beko. Muuzaji ananiambia nichukue lenye nguvu kubwa kuliko yote, eti litashindilia mtaro mzima kwa mara moja. Beko yangu tayari ina laini ya haidroliki (mipira ya kupeleka oili ya presha) ya nyundo ya kuvunjia mawe. Je, nifunge hapo hapo? Nichukue saizi gani? Na udongo wa huku sehemu nyingine ni mchanga, nyingine ni mfinyanzi. Bamba litafanya kazi kote?*

Jibu: Ndugu yangu, naona una hofu mbili zilizoshikana. Unaogopa kwamba mitaro mingine itatitia na kukurudisha kazini bila malipo, na unaogopa kutoa fedha nyingi kwa kifaa ambacho hakitaondoa tatizo. Zote mbili zina msingi. Bamba ni kifaa kizuri kwa kazi yako, na ningekuwa mimi ningelinunua. Lakini ukilifunga kesho na kuendelea kurudisha udongo wote kwa pamoja, mitaro itatitia vilevile. Tofauti itakuwa kwamba siku ya kukabidhi kazi uso wa juu utaonekana mgumu zaidi, na mteja atakuwa na sababu zaidi ya kukukasirikia mvua zikija.

Tuanze na kilichotokea kwenye ile mitaro miwili. Udongo ukichimbwa huvunjika mabonge na kuingiza hewa katikati, ndiyo maana rundo linalotoka mtaroni ni kubwa kuliko shimo lenyewe. Ukiurudisha hivyo hivyo, hewa inarudi nao. Mgongo wa ndoo na tairi hukaza sentimita chache za juu, na chini yake mabonge yanabaki yameegemeana yakiwa na mapengo. Mvua inaponyesha maji hushuka, mabonge hulainika na kuvunjika, vumbi laini huhamia kwenye mapengo, na uso wote hushuka. Kwa hiyo mvua imefichua tu kasoro iliyokuwa imelala humo tangu siku ya kufukia. Na kule kupigapiga kwa ndoo kunaiumiza beko yako: mkono umeundwa kuvuta na kuchimba, na kila pigo la kushuka linaishia kwenye pini, bushi, silinda na mishono ya kuchomelea. Ukiona pini zimeanza kucheza, sababu mojawapo ni hiyo.

Bamba linafanya kazi kwa njia tofauti kabisa na pigo. Ndani ya boksi lake kuna shafti yenye kipande kizito kilichowekwa upande mmoja tu, na mota ya haidroliki huizungusha kwa kasi ya mizunguko 2,000 hivi kwa dakika. Kwa kuwa uzito uko upande mmoja, kila mzunguko unalivuta bamba juu na kulisukuma chini. Mtetemo huo hufanya punje za mchanga na changarawe ziachiane kwa muda mfupi sana, zisogee na kujipanga upya zikiwa zimebanana zaidi, kama mtu anavyolitikisa gunia la nafaka ili lijae vizuri. Mkono wa beko kazi yake ni kuongeza uzito kutoka juu ili bamba lisirukeruke. Kati ya bamba na mkono kuna vipande vya raba. Hivyo vinaruhusu bamba litetemeke huku mkono ukibaki umetulia. Vikumbuke hivyo vipande vya raba, nitavirudia.

Sasa ile nambari ya nguvu anayokuonyesha muuzaji. Inaandikwa kwa kilonyutoni au kwa paundi, na kilonyutoni 10 ni takriban uzito wa tani moja. Nambari hiyo ni ya kweli pale tu shafti inapozunguka kwa kasi iliyopangwa, na kasi hiyo inatokana na kiasi cha oili ambacho pampu ya beko inaweza kusukuma kwa dakika. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa sababu nguvu ya uzito unaozunguka haipungui sawasawa na kasi. Inapungua kwa mraba wa kasi. Kasi ikishuka ikawa asilimia 80, nguvu inabaki asilimia 64. Kasi ikiwa nusu, nguvu inabaki robo.

Chukua mfano. Tuseme bamba kubwa limeandikwa kilonyutoni 60 na linahitaji lita 115 za oili kwa dakika, na bamba la kati limeandikwa kilonyutoni 36 na linahitaji lita 75. Tuseme laini ya beko yako inatoa lita 75. Bamba la kati litapata oili yote linayoitaka na kukupa kilonyutoni zake 36. Lile kubwa litazunguka kwa asilimia 65 ya kasi yake, na nguvu itashuka hadi kilonyutoni 25 hivi. Umelipa zaidi, umebeba chuma kizito zaidi mwishoni mwa mkono, na umepata nguvu ndogo kuliko ya bamba la kati. Zaidi ya hapo, kasi ya chini inaweza kuangukia pale ambapo bamba na mkono vinayumba pamoja, na utauhisi mtetemo huo kwenye vioo na kwenye kiti chako.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Bamba dogo lililofungwa kwenye oili nyingi kupita kiasi litazunguka haraka kuliko ilivyopangwa, na kwa kanuni ileile ya mraba, beringi zitabeba mzigo mkubwa mno. Beringi za bamba zinaishi maisha magumu hata likitumika vizuri. Ukiongeza kasi kwa asilimia 20, mzigo unaongezeka kwa asilimia 44.

Kwa hiyo swali la saizi halianzi dukani. Linaanza kwenye beko yako. Tafuta kwenye kitabu cha mashine mambo matatu: mtiririko wa oili kwenye laini ya ziada (hiyo ya nyundo), presha yake, na uzito ambao mkono unaruhusiwa kubeba ukiwa umenyooka. Usitumie nambari ya pampu nzima, maana laini ya nyundo mara nyingi imewekewa kizuizi na inatoa pungufu. Kama kitabu kimepotea au mashine ni ya zamani, mwite fundi wa haidroliki apime kwa geji ya mtiririko, oili ikiwa imeshapata moto na injini ikiwa kwenye mizunguko unayofanyia kazi. Pampu iliyochakaa hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, na hilo huwezi kuliona kwa macho. Ukishakuwa na nambari hizo mkononi, mwambie muuzaji akuonyeshe bamba linalokaa katikati ya uwezo wako, lisiwe pembezoni.

Upana nao una neno. Bamba lazima liingie mtaroni likiwa limelala sawa, na libaki na nafasi ya sentimita kadhaa kila upande, lisikwangue kuta na kuangusha udongo. Kwa beko, mabamba mengi yana upana wa karibu sentimita 60. Kama mitaro yako unaichimba kwa ndoo ya sentimita 45, bamba la 60 litabaki limekaa juu ya kingo na hutashindilia kitu. Wapo wanaopanua mtaro ili bamba liingie, jambo ambalo linaongeza udongo wa kuchimba na wa kurudisha katika kila mita. Kwa maoni yangu ni afadhali utafute bamba jembamba linaloingia kwenye mtaro unaochimba kila siku, hata kama nguvu yake iliyoandikwa ni ndogo. Eneo likiwa dogo, nguvu hiyo hukusanyika mahali padogo.

Kuhusu kulifunga kwenye laini ya nyundo: ndiyo, mara nyingi inawezekana, lakini si kwa kuchomoa mipira ya nyundo na kuchomeka ya bamba halafu ukaanza kazi. Nyundo na bamba vinakula oili kwa namna tofauti. Laini iliyopangwa kwa ajili ya nyundo yako inaweza kuwa na presha au mtiririko usiolingana na bamba, kwa hiyo lazima vipimwe na kurekebishwa upya. Mabamba mengine yana valvu yake ndani ya kupunguza mtiririko na kuachia presha ikizidi. Mengine hayana kitu, yanategemea beko. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Jambo linaloua mota nyingi ni njia ya kurudi. Oili ikishaizungusha mota lazima irudi kwenye tangi kwa urahisi. Ikikutana na mpira mwembamba, kiungio cha haraka kilichochakaa au valvu inayobana, presha hujijenga upande wa kurudi na kuisukuma sili ya shafti, ile raba inayozuia oili isivuje, hadi itoke. Ukiona bamba jipya linavuja oili kwenye shafti baada ya siku chache, usikimbilie kununua sili nyingine. Pima kwanza presha ya kurudi. Mota nyingine zina mpira wa tatu, mwembamba, unaotoa oili ya uvujaji wa ndani na kuipeleka moja kwa moja tangini. Huo usizibwe wala usiunganishwe kwenye mpira wa kurudi, hata ukiona unatoa matone tu.

Kuna suala la kuzima pia. Ukiachia pedeli, ile shafti yenye uzito haisimami papo hapo. Inaendelea kuzunguka kwa msukumo wake na mota inageuka kuwa pampu. Kama oili imefungiwa ghafla pande zote mbili, upande mmoja presha inapanda kwa kishindo na upande mwingine unabaki mtupu, na mota inajila yenyewe. Bamba zuri lina valvu ndogo inayoruhusu oili izunguke humo humo mpaka shafti itulie. Na kama laini ya beko yako inaweza kusukuma oili pande zote mbili, hakikisha bamba linaruhusu kuzungushwa kinyume. Kama haliruhusu, upande mmoja ufungwe usiweze kutumika kwa bahati mbaya.

Nimekaa sana kwenye oili kwa sababu ndiyo inayoamua kama fedha yako itarudi. Sasa twende mtaroni.

Dai la muuzaji kwamba utashindilia mtaro mzima kwa mara moja usilikubali hata kama ataliandika kwenye risiti. Mtetemo hupoteza nguvu kadiri unavyoshuka. Juu utakuwa umekaza vizuri, sentimita 40 chini utakuwa umekaza kidogo, na kule kwenye mita moja udongo hautajua kama kulikuwa na mashine. Kwa bamba la saizi ya beko, panga tabaka lililolegea la sentimita 20 kwa kawaida, ukienda hadi 30 kwenye mchanga na changarawe safi, na ukishuka hadi 15 kwenye udongo wenye mfinyanzi. Ukitaka kuona kazi inavyokwenda, weka alama kwenye ukuta wa mtaro kabla ya kushindilia: tabaka la sentimita 20 likikazika vizuri litashuka na kubaki kama 15 au 16. Likigoma kushuka, aidha lilikuwa limeshakazika au kuna tatizo la unyevu.

Simamisha beko mahali imara, shusha miguu ya nyuma hadi tairi zisibebe uzito, na usiiweke karibu na ukingo. Sambaza tabaka liwe sawa. Shusha bamba likiwa limezimwa, likae lote bapa juu ya udongo, kisha sukuma chini polepole huku ukitazama zile raba. Zinatakiwa zikunjike kidogo, zionekane zimebeba mzigo, lakini bado ziwe na nafasi ya kucheza. Hapo ndipo uwashe. Hesabu sekunde 10 hadi 15, ukifuatisha bamba taratibu kadiri linavyozama, halafu zima, nyanyua, sogea. Alama mpya ikanyage ile ya awali kwa sentimita 10 hivi ili kusibaki ukanda usioguswa katikati.

Ukisukuma kidogo mno, bamba litarukaruka na kupiga udongo badala ya kuutetemesha. Ukisukuma kupita kiasi, raba zinabanwa hadi mwisho, chuma kinagusana na chuma, na mtetemo wote unapanda kwenye mkono. Utajua kwa sababu kiti kitaanza kutetemeka na vioo kulia. Opereta wengi wanadhani hiyo ndiyo dalili ya nguvu, kumbe ndiyo dalili kwamba nguvu inaondoka udongoni na kuingia kwenye mashine. Ikiwa miguu ya beko inanyanyuka, umepitiliza mbali. Na usiliburute bamba kwenda pembeni likiwa limebanwa chini, maana raba zimeundwa kubeba mgandamizo na zinachanika kirahisi zikivutwa ubavu. Wala usiliache likizunguka hewani muda mrefu. Hakuna udongo wa kupokea mtetemo na kila kitu kinazipiga raba na beringi.

Utajuaje kama sehemu imetosha? Bamba litaacha kuzama, na sauti itabadilika: ule mngurumo mzito wa mwanzo unakuwa mkali na wa juu zaidi, na utaona bamba linaanza kurudishwa na ardhi. Acha hapo. Kuendelea juu ya mchanga ambao umeshakazika kunavunja punje na kulegeza tena uso wa juu.

Sasa mfinyanzi, na hapa nitakuwa wazi: bamba halitafanya kazi kote. Punje za mfinyanzi ni ndogo mno na bapa, zimeshikamana, na maji yaliyo kati yao hayatoki kwa mtetemo wa sekunde 15. Bamba litausawazisha uso na kuupendezesha, ila ndani mabonge yatabaki mabonge. Mfinyanzi unataka kukandwa na kubanwa kwa uzito mahali padogo. Kwenye beko kifaa chake ni gurudumu la kushindilia lenye meno makubwa kama miguu. Halihitaji oili wala mipira. Unalisukuma kwa mkono wa beko na kulipitisha mbele na nyuma. Mwanzoni meno yanazama, kisha kila unapopita yanazama pungufu kwa sababu udongo unakazika kuanzia chini, mpaka gurudumu linatembea karibu na uso. Kama zaidi ya nusu ya kazi zako ziko kwenye mfinyanzi, ningekushauri ununue gurudumu kwanza na bamba baadaye. Kama mfinyanzi ni sehemu chache tu, piga hesabu ya kuuondoa na kuleta mchanga au changarawe ya kufukia sehemu hizo. Mara nyingi hesabu hiyo inakubali, hasa chini ya barabara.

Unyevu ndio jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Mwaka 1933 mhandisi R. R. Proctor huko Los Angeles alionyesha kwamba kila udongo una kiwango chake cha maji ambacho ukishindiliwa nacho hubanana zaidi kwa nguvu ileile. Ukiwa mkavu sana punje zinagoma kuteleza. Ukiwa na maji mengi, maji yenyewe yanachukua nafasi na kukataa kubanwa. Kipimo chake bado kinatumika: udongo unapigwa kwenye chombo kwa nyundo ya kilo 2.5 ikianguka sentimita 30.5, tabaka tatu, mapigo 25 kila tabaka. Mkataba unaposema asilimia 95, maana yake uzito wa udongo mkavu mtaroni kwako, kwa ujazo uleule, ufikie asilimia 95 ya ule mkubwa kabisa uliopatikana maabara.

Mtaroni tumia kiganja. Chukua udongo, ubane kwa nguvu, fungua mkono. Ukisambaratika mara moja, ni mkavu. Nyunyiza maji, changanya, subiri uyanywe. Ukikaa bonge na ukilivunja kwa kidole likatoka vipande viwili au vitatu safi, endelea na kazi. Ukiacha kiganja kimelowa au kupakaa matope, utandaze upate hewa au tumia udongo mwingine. Kipimo hiki ni cha udongo wenye ushikamano kidogo. Mchanga safi una tabia yake: ukiwa na unyevu mdogo tu, maji huzishikilia punje zisisogee, kwa hiyo hukazika vizuri ukiwa mkavu kabisa au ukiwa umelowa vya kutosha huku maji yakiwa na pa kutokea. Ukiona tabaka linabonyea na kuinuka kama godoro unapolikanyaga, simama. Limeshiba maji, na kila sekunde unayoongeza inaliharibu zaidi.

Usisahau kwamba chini ya haya yote kuna bomba, na bomba la plastiki halina urafiki na bamba la beko. Chini na ubavuni mwa bomba jaza udongo laini usio na mawe, ushindiliwe kwa mkono pande zote mbili kwa usawa, maana ubavu ndio unaolizuia bomba lisibonyee kuwa yai. Funika juu yake kwa tabaka jepesi lililoshindiliwa kwa mkono au kwa mashine ndogo ya kusukuma. Mtengenezaji wa bomba huandika unene wa udongo unaotakiwa juu ya bomba kabla ya mashine nzito kupita, fuata huo. Pasipo maelezo, usithubutu kuweka bamba la beko kabla mgongo wa bomba haujafunikwa kwa sentimita 30 angalau, na mimi napendelea ziwe 60 kwa mabamba makubwa. Ndiyo, ukifuata hizo 60 katika mtaro wa mita moja, sehemu kubwa ya kazi bado ni ya mashine ndogo. Bamba linakuja kumalizia theluthi ya juu, ile inayobeba magari. Kwenye mitaro yako ya mita moja na nusu ndipo litakapokulipa zaidi.

Faida kubwa kuliko zote ya bamba la beko, ambayo wauzaji hawaisemi sana, ni kwamba halihitaji mtu ashuke mtaroni kushindilia tabaka za juu. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na mtetemo unalegeza kuta. Bamba likiwashwa asiwepo mtu ndani ya mtaro wala chini ya mkono, hata kwa dakika moja ya kuokota koleo. Kazi ya mkono kuzunguka bomba ifanyike beko ikiwa imezimwa au imesogea mbali, na kuta zikiwa zimeegemezwa pale zinapohitaji.

Ukinunua lililotumika, litazame kwa utulivu. Raba zikiwa na nyufa au zimeanza kuachana na chuma, hesabu gharama ya kuzibadilisha zote kwa pamoja. Ligeuze uone sehemu ya chini: bamba lililopinda au kingo zilizoliwa halitakaa bapa. Pitisha kidole kuzunguka sili ya shafti likiwa limezimwa na limepoa, uone kama kuna oili mpya. Liwashe likiwa juu ya udongo, sikiliza beringi; mlio wa kukwaruza ni beringi zinazokufa. Baada ya dakika 20 za kazi, gusa boksi la beringi kwa tahadhari: joto ni kawaida, lakini likiunguza upande mmoja kuliko mwingine, achana nalo. Likishakuwa lako, kaza boliti zote tena baada ya saa chache za kwanza za kazi, kwa sababu mtetemo utazilegeza hata zikiwa mpya.

Mambo matatu hayatatuliwi kwa maandishi. La kwanza ni kupima na kurekebisha laini ya haidroliki: hiyo ni kazi ya fundi akiwa na geji zake kando ya beko yako, na umpe kitabu cha bamba kabla hajaanza. La pili ni mtaro ulio chini ya barabara, kando ya msingi wa jengo, au karibu na bomba la gesi na nyaya za umeme: mtafute mhandisi wa udongo aje apime uzito wa udongo kwa ujazo wake, kwa njia ya mchanga (kuchimba kishimo na kukijaza mchanga ili kujua ujazo wake) au kifaa kingine, tabaka kwa tabaka, na mtetemo usianze kabla wenye miundombinu hiyo hawajaonyesha ilipo. Wapo wanaochoma nondo ardhini kulinganisha sehemu na sehemu; kipimo hicho kinakusaidia kujua pa kurudia, ila hakikubaliki kama ushahidi mbele ya mteja. Kwa ile mitaro miwili iliyotitia, mwite mhandisi huyo kabla hujafukua, akuambie kama kasoro iko juu tu au hadi chini, ili usirudie mita zote bila sababu.

La tatu ni la mwili wako. Mpira wa oili ukivuja uzi mwembamba, usiutafute kwa mkono. Pitisha kipande cha mbao au cha boksi la karatasi. Oili ya presha kubwa inatoboa ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano isiyouma sana, kisha inaharibu nyama ndani. Likikutokea au likimtokea msaidizi wako, zima mashine muende hospitali saa ileile, na mwambie daktari waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa presha.